Natafuta tyubu za boila ya kichwa cha treni cha mvuke, niko Mwanza. Wenye uzoefu njooni

#1 FundiMvuke (mtoa mada)

Wakuu, habari za majukumu. Wazee wa reli mnaopita humu, shikamooni.

Niko Igogo hapa Mwanza. Kazi yangu ni maboila. Nimeyahudumia kwenye viwanda vya samaki, vya mafuta ya pamba na kwenye dobi za hospitali. Mwaka jana mzee mmoja wa hapa mjini alinunua kichwa kidogo cha treni cha mvuke, Orenstein & Koppel cha Mjerumani, kilichokuwa kimelala kwenye shamba la mkonge Tanga tangu matrekta yachukue kazi yake. Reli yake ni ile nyembamba ya mm 600. Kilikuwa kinavuta mabehewa ya majani ya mkonge kutoka shambani hadi korona, yaani kwenye mtambo wa kutoa nyuzi, watu wa Tanga wananielewa. Kilipandishwa kwenye semi hadi huku na sasa kiko bandani kwetu. Mzee anataka kiwake, kitembee kwenye kipande cha reli atakachotandika kwenye kiwanja chake cha ufukweni, watoto wa Kanda ya Ziwa waone mvuke ukifanya kazi. Tuko mafundi wanne, tumekabidhiwa boila.

Magurudumu na silinda vina kazi lakini vinatibika. Kinachonikosesha usingizi ni tyubu.

Kwa wasiojua: kwenye boila ya aina hii moto uko kwenye tanuri upande wa dereva, na joto lake pamoja na moshi vinapita ndani ya tyubu hadi sanduku la moshi kule mbele, chini ya dohani. Maji yamezizunguka tyubu kwa nje. Kwa hiyo tyubu ni ukuta mwembamba kati ya moto na maji yenye presha. Ikipasuka, maji na mvuke vinarudi kwenye njia ya moto, na mlango wa tanuri umeelekea miguu ya dereva.

Tulipofungua mlango wa sanduku la moshi tulikuta nyigu wamejenga kwenye midomo ya tyubu za juu. Za chini zilikuwa na tope kavu. Nilichukua bisibisi nikagusa tyubu moja ya safu ya mwisho, nikasukuma kidogo tu, ncha ikazama. Tukaikata na kuitoa. Kwa nje ilikuwa na mashimo mashimo kama ngozi iliyougua ndui, yote upande wa chini, ambako maji yalibaki yamelala miaka na miaka baada ya mtu wa mwisho kuzima moto bila kufungua koki. Ukuta wake ulipotoka kiwandani ulikuwa mm 2.6. Pale palipolika nimepima mm 1.1.

Vipimo ni hivi: tyubu 62, kipenyo cha nje mm 44.5, ukuta mm 2.6, umbali kati ya pleti mbili zinazoshika ncha za tyubu mm 1,850, kwa hiyo nahitaji vipande vya mm 1,900. Presha ya kazi ni bar 12. Karatasi ya zamani inataja chuma cha St 35.8.

Nimezunguka maduka ya vyuma hapa mjini siku nne, kuanzia Makoroboi hadi Igoma. Kila duka naonyeshwa paipu. Mmoja aliniambia chukua hii, ni ngumu kuliko hiyo ya Mjerumani. Nikamshukuru nikaondoka.

Nauliza: nani amewahi kununua tyubu halisi za boila, zisizo na mshono, zenye cheti cha kiwanda, kwa mzigo mdogo kama wangu? Nipeni njia.

#2 Kirumba_Juu

Nimeweka kambi hapa. Baba yangu alikuwa kuli wa bandari Mwanza Kusini, haya mambo yananigusa.

#3 MtuWaBomba

Mkuu, mimi ni fundi bomba, nisamehe kama swali ni la kizembe. Paipu nyeusi ya inchi moja na robo ipo kila duka na inahimili presha kubwa kuliko hiyo 12 yako. Kwa nini isifae? Na hata za gavanaizi zipo, hizo hazishiki kutu upesi.

#4 FundiMvuke

MtuWaBomba, swali lako si la kizembe hata kidogo, ndilo kila mtu ananiuliza. Nitalijibu kwa kirefu ili libaki humu.

Paipu na tyubu zinapimwa kwa lugha mbili tofauti. Paipu unaitaja kwa jina la tundu lake: ukisema inchi moja na robo, nje yake ni mm 42 na kitu. Ukisema inchi moja na nusu, nje ni mm 48.3. Tyubu ya boila unaitaja kwa kipenyo cha nje chenyewe na unene wa ukuta. Tyubu ya inchi moja na robo tatu nje yake ni mm 44.45 kweli kweli. Ndiyo maana fundi akienda dukani na kusema "nipe inchi mbili" anaweza kurudi na kitu cha mm 60.3 wakati tundu lake ni la tyubu ya mm 50.8.

Sasa angalia matundu ya pleti yangu. Yana mm 45.2 baada ya kusafishwa. Paipu ya inchi moja na nusu haiingii. Ya inchi moja na robo inaingia ikicheza, nafasi inakaribia mm 3. Tyubu haichomelewi tu kwenye pleti, inatanuliwa kwa ekspanda yenye roli mpaka ing'ang'anie tundu. Ukilazimisha chuma kitanuke mm 3 kwenye kipenyo kidogo namna hiyo utakikondesha na kukipasua mdomo. Kuna wanaojaza pengo kwa welding. Nimeshaitwa kutoa boila ya namna hiyo kwenye kiwanda kimoja. Welding ilikuwa imezunguka vizuri kwa macho, na nyuma yake, kwenye lile pengo, maji yalikuwa yamekula pleti yenyewe. Tyubu ni ya kubadilisha. Pleti ikilika, boila imekufa.

Gavanaizi usiitaje karibu na moto. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi 420, na moshi wake ukichomelea unaleta homa ya fundi, wengi tumelala nayo usiku mzima tukitetemeka.

Na hilo la ugumu. Tyubu ya boila inatakiwa iwe laini. Ile 35 kwenye St 35.8 ni nguvu yake ya chini kabisa kwa kipimo cha zamani, kilo 35 kwa kila milimita ya mraba, na kaboni yake ni kidogo makusudi ili ikubali kutanuliwa na kukunjwa mdomo bila ufa. Siku hizi Wazungu wanaiita P235GH. Kwa vipimo vya Kimarekani jirani yake ni A192, kwa vya Uingereza ni BS 3059 daraja la 360. Ukipata yoyote kati ya hizo tatu, yenye cheti, tutaongea na mkaguzi. Bahati yetu ni kwamba mm 44.5 ya Mjerumani na inchi 1¾ ya Mwingereza zimepishana kwa unywele tu, kwa hiyo milango ni miwili.

#5 MjukuuWaReli

Shikamoo fundi. Babu yangu mzaa mama alikuwa mchochea moto, baadaye dereva, makao yake Tabora. Alikuwa akija Mwanza na treni za mizigo enzi za Reli za Afrika Mashariki, kabla Jumuiya haijavunjika 1977. Nimemsomea uzi wako jioni hii, yuko hapa Nyegezi kwangu. Macho yamechoka lakini masikio mazima. Amenisimamisha mara tatu nirudie pale kwenye bisibisi.

Anasema reli ya Tabora hadi huku ilifika 1928, na tangu siku ya kwanza mwalimu wa boila alikuwa maji. Huko kati, visima vyenye chumvi vilikuwa vinaziweka tyubu ukoko mgumu kama wa sufuria ya chai, joto linashindwa kupita, tyubu inaungua kutoka ndani. Huku ziwani maji ni laini, ukoko si mwingi, lakini maji laini yaliyolala yana hewa ndani, na hewa ndiyo inayotoboa yale mashimo uliyoyaona. Kwa hiyo boila inayopumzika ama ijazwe mpaka juu kabisa kwa maji yenye dawa, ama ikaushwe kabisa. Nusu nusu ndiyo inayoua.

Halafu ameniambia nikuandikie hili kama alivyosema: "Mwambie asisahau mdomo wa mbele uwe mkubwa kuliko wa nyuma."

Nikamuuliza maana yake. Akachukua kikombe na bomba la maji la plastiki akanionyesha. Tyubu inaingizwa na kutolewa kupitia sanduku la moshi, mbele. Ikikaa miaka inavaa ukoko, inanenepa. Kama tundu la mbele lina upana uleule wa tyubu, siku ya kuitoa haitoki bila kuikata vipande. Kwa hiyo vichwa vingi vya reli kuu matundu ya mbele yalitobolewa makubwa kidogo, tyubu inatanuliwa ncha ya mbele na kubanwa kidogo ncha ya tanuri. Anauliza, matundu yako ya mbele umeyapima au umepima ya nyuma tu?

#6 FundiMvuke

Mjukuu, mpe babu shikamoo yangu na uniinamie miguuni kwake kwa niaba yangu. Nilipima ya upande wa tanuri tu na nikachukulia mbele ni vilevile.

Nimetoka bandani sasa hivi na tochi. Ya mbele ni mm 46.5. Bila yeye ningeagiza tyubu, zifike, ndipo nigundue zinapwaya mbele. Sasa najua kila kipande kitanuliwe ncha moja ikiwa moto kabla ya kuingia. Wabeja sana.

#7 Nam_Lolwe

Hamjambo wa Mwanza, mimi niko Kisumu. Reli yetu huku ilifika ziwani Desemba 1901, na karibu kila familia ya huku ina mtu aliyefanya kazi reli au melini. Nikiwa mdogo SS Usoga na dada yake SS Rusinga zilikuwa zinatajwa nyumbani kama watu wa ukoo.

Fundi, nikupe wazo. Ukanda wetu wa ziwa una viwanda vya sukari, Muhoroni, Chemelil, na nyinyi mna Kagera. Kila kiwanda cha sukari kina boila kubwa inayochoma makapi ya miwa, na kila mwaka kuna kipindi cha kufunga kiwanda na kubadilisha tyubu. Boila zao nyingi ni za aina ile maji yanapita ndani ya tyubu, na saizi zao ni kubwa kuliko zako, kama 50.8 na 76.2. Lakini muuzaji wao wa ng'ambo ni mtu wa tyubu za boila, si wa paipu za maji. Ukimwomba mtu wa ununuzi kiwandani akuunganishie mistari yako miwili kwenye oda yao, unapata bei ya mzigo mkubwa na cheti halali. Hapo ndipo mimi nilipata za boila ya wima ya hoteli moja hapa. Ilinichukua kusubiri msimu, lakini zilikuja.

Na kama muuzaji wao yuko India, usiwe na wasiwasi kwamba hawataelewa unataka nini. Wao bado wana reli ya mlima ya Nilgiri inayotembea kwa mvuke, upana wake mita moja kama reli zetu za zamani, na karakana ya Golden Rock kule Tiruchirappalli imewaundia vichwa vipya vya mvuke karne hii hii.

#8 ForodhaDaily

Mkuu FundiMvuke, mimi ni wakala wa forodha Dar, asili Sengerema. Mambo matatu yatakayokuokolea pesa na muda.

Kwanza urefu. Tyubu zinauzwa mita 6. Kontena la futi 20 kwa ndani lina mita 5.9 haifiki. Nimeona mzigo wa mita 6 umeachwa bandarini kwa watu kwa sababu hiyo, ama ukahamishiwa kontena la futi 40 kwa gharama ambayo mwenye mzigo hakuitarajia. Waambie wakate mita 5.8 kabla ya kufunga.

Pili, maelezo ya ankara. Bomba la chuma lisilo na mshono liko kwenye kifungu cha 7304, lenye mshono liko 7306. Ankara ikiandikwa "mabomba ya chuma" basi, utasimama dirishani ukijieleza. Iandikwe zisizo na mshono, za boila, kiwango gani, kipenyo gani, unene gani.

Tatu, uliza mambo ya ukaguzi wa ubora wa TBS kabla mzigo haujapakiwa huko utokako.

#9 FundiMvuke

ForodhaDaily, umenipa madini. Nimekaa na daftari: mita 5.8 inatoa vipande vitatu vya 1,900, jumla 5,700, inabaki mm 100 ya kula jiwe la kukatia. Tyubu 62 ni urefu 21. Nikiongeza za majaribio na za dharura, urefu 24, vipande 72. Uzito wa mita moja ni kilo 2.69, kwa hiyo mzigo mzima ni kilo 374 hivi. Kirikuu kinabeba kwa safari moja. Ndiyo maana wauzaji wakubwa hawanijibu, kwao hiyo ni takataka ya kufagia.

#10 FundiMvuke

Wakuu, nimerudi baada ya wiki sita, na sina habari njema.

Wakati nasubiri mtu wa kiwanda cha sukari anijibu, nilipata muuzaji Dar aliyesema anazo stoo, 44.5 kwa 2.6, zisizo na mshono, cheti kipo. Nilituma pesa ya urefu 3 tu kwa majaribio. Nashukuru Mungu sikutuma ya zote.

Zilikuja zimepakwa rangi nyeusi mpya inayong'aa. Cheti kilikuwa kizuri, kina muhuri, kina namba ya yeyusho, yaani ya ule mkupuo mmoja wa chuma kilichoyeyushwa kiwandani. Tyubu halisi inapigwa namba hiyo hiyo mwilini, ili karatasi na chuma vishikane mkono. Nilisugua rangi kwa msasa kutoka ncha hadi ncha kwenye zote tatu. Hakuna namba, hakuna alama ya kiwanda, hakuna kitu.

Nikakata pete ya mm 60, nikaipiga msasa mlaini kwenye sura ya mkato mpaka ikawa kioo, nikapitisha pamba yenye tindikali ya naitriki iliyozimuliwa kwa spiriti. Baada ya sekunde chache ulijitokeza mstari mweusi mwembamba unaokata ukuta kutoka nje hadi ndani. Mshono. Ndani walikuwa wameukwangua ukalainika, kidole hakiugundui.

Nikaibana pete kwenye jiliwa, mshono ukiwa ubavuni ambako mkunjo ni mkali, nikaikandamiza polepole. Tyubu nzuri ya boila inalala bapa kama mkanda bila kulalamika. Hii ilipofika nusu ilitoa mlio kama kuni kavu na ufa ukafunguka kwenye mstari ule ule.

Niwe mkweli: tyubu za mshono zilizotengenezwa kwa ajili ya boila zipo, zina viwango vyake na zinakubalika mahali pake. Hii haikuwa hiyo. Hii ilikuwa bomba la kawaida lililovalishwa nguo ya mtu mwingine. Kwenye presha ya 12 mvuke uko nyuzi 191, na maji ya boila yakipata upenyo sehemu yake inageuka mvuke papo hapo, na kila lita inayogeuka inatanuka kufikia lita elfu moja na mia sita hivi. Anayeuza cheti cha uongo anauza maisha ya mchochea moto asiyemjua.

Nimemrudishia picha. Simu haipokelewi.

#11 Kirumba_Juu

Pole sana fundi. Kwani zile mbovu mlizotoa haziwezi kuungwa? Nasikia zamani walikuwa wanaunga. Au kwenye mabaki ya meli za zamani kule Mwanza Kusini hakuna tyubu zilizopona?

#12 MjukuuWaReli

Nimemuuliza babu. Anasema ni kweli, karakana za reli zilikuwa zinakata ncha iliyochoka na kuunga ncha mpya, kisha tyubu inarudi kazini, kwa sababu mara nyingi ncha ya upande wa tanuri huchakaa kwanza wakati katikati ni nzima. Lakini palikuwa na mashine ya kuungia, palikuwa na mtu ambaye kazi yake maisha yote ilikuwa hiyo moja, na kila iliyoungwa ilipimwa kwa maji peke yake. Kuhusu yenye mashimo mwilini, amesema neno moja: "Kulima." Maana yake ikawe mti wa uzio.

#13 FundiMvuke

Babu amemaliza. Za melini nami sizitaki, tyubu iliyokwisha kutanuliwa haina mdomo wa kutanuliwa tena, na sijui imekula miaka mingapi.

#14 Usalama_Kwanza

Ndugu mtoa mada, umeshamwona mkaguzi? Boila iko chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003, na OSHA ndio wenye kuikagua. Watu wengi wanamwita mkaguzi siku ya kuwasha. Mwite sasa tyubu zikiwa nje, aingize taa, apime unene wa gamba na pleti, aone misumari inayoshikilia kuta za tanuri. Tyubu zikishaingia hakuna atakayeona kitu huko ndani.

#15 FundiMvuke

Nashukuru. Alikuja Jumanne. Alilala chali ndani ya tanuri na nyundo ndogo karibu saa nzima akigonga msumari mmoja mmoja na kusikiliza. Mzima unaita kama kengele, uliokatika unajibu kama debe. Miwili tumeagizwa kubadilisha. Pleti zote mbili zimepita. Cheti cha tyubu atakiona kabla hatujaingiza hata moja.

#16 FundiMvuke

Wakuu, zimefika!

Njia ya Nam_Lolwe ndiyo iliyofungua. Kiwanda kimoja cha sukari kilikubali kuweka mistari yangu kwenye oda yao ya matengenezo. Nilisubiri miezi mitano. Zimekatwa 5.8 kama alivyosema ForodhaDaily, zimepakwa mafuta mepesi tu, zimefungwa vifuniko vya plastiki ncha zote. Kitu cha kwanza nilichofanya nilipiga magoti na tochi: namba ya yeyusho imepigwa kwenye kila urefu, na ndiyo hiyo hiyo kwenye cheti. Nilikata pete, nikakandamiza. Ililala bapa, kimya. Nyingine nikaigongea koni mdomoni, ikafunguka kama ua la boga bila ufa. Nilimwita mzee mwenye kichwa aje aishike. Aliishika muda mrefu.

Kazi yenyewe nitaieleza kwa wale wenye maboila yao.

Tulitanua ncha za mbele zikiwa nyekundu kwa koni tuliyochonga kwenye mashine ya kukerezea, tukaziacha zipoe taratibu kwenye chokaa kavu ili zibaki laini. Tukajaribu vipande viwili kwenye pleti ya mfano kabla ya kugusa boila. Hesabu ya upande wa tanuri ni hii: ndani ya tyubu ni mm 39.3, tundu limeizidi nje yake kwa mm 0.7, kwa hiyo tyubu inagusa pleti ndani ikifika 40.0. Kutoka hapo ukuta ukondeshwe asilimia 8 hivi, ndani isimame 40.4. Ukiishia kabla, itavuja. Ukipitiliza, umeikata koo. Kijana wetu alipitiliza moja, tuliisikia ekspanda ikilegea ghafla. Tukaitoa na kuweka nyingine, na hakuna aliyemfokea.

Babu wa MjukuuWaReli aliletwa bandani, akakaa kwenye kiti karibu na sanduku la moshi. Alitukataza kumaliza safu moja kisha kwenda nyingine. Ukifanya hivyo pleti inasukumwa upande mmoja na matundu yanakuwa mayai. Tukawa tunarukaruka, moja juu, moja chini, moja pembeni, tukitia alama kwa chaki. Baada ya kutanua tukakunja midomo ya upande wa tanuri ilale kwenye pleti, kwa sababu mdomo unaochomoza ndio unaoungua kwanza.

Jana ilikuwa siku ya maji. Tulijaza tukiacha koki ya juu kabisa wazi mpaka maji yakatoka bila pumzi ya hewa. Pampu ya mkono. Mkaguzi alitaka mara moja na nusu ya presha ya kazi, yaani 18. Kwenye 9, tyubu mbili za safu ya chini zilianza kutokwa jasho mbele. Tukashusha, tukazigusa tena kwa ekspanda robo mzunguko, tukapandisha. 12. 15. 18. Sindano ilikaa pale nusu saa, hakuna aliyeongea, mkaguzi akizunguka na kitambaa kikavu akipangusa kila kiungo na kukitazama. Kitambaa kilibaki kikavu.

Babu aliomba apitishe mkono mwenyewe kwenye midomo ya tyubu, mmoja mmoja, zote 62. Tukamwacha.

#17 Nam_Lolwe

Hongereni sana ndugu zangu, nimesoma hili kwa furaha ya kweli. Fundi, zimebaki? Ile boila ya wima niliyoitaja sasa inahitaji tyubu nne, na saizi ni 44.5 kama zako. Fupi, mm 1,200 zinatosha. Cheti chake nitahitaji pia.

#18 FundiMvuke

Zimebaki tano nzima. Nne ni zako kwa bei niliyonunulia, hiyo ya tano nabaki nayo ya dharura. Nimeangalia namba iko ncha ipi kwenye kila kipande na nimeitia rangi ya njano. Kata upande usio na rangi, namba ibaki kwenye kile utakachotumia. Nakala ya cheti nitaitia ndani ya tyubu moja, imekunjwa kwenye nailoni. Uniambie siku, nitazipeleka stendi zipande basi la kupitia Sirari.